Oili ya Machi

Ufuta wa mwisho tuliulimia kwa akina Mtopwa.
Trekta likarudi Naipanga jioni
na udongo mwekundu hadi kwenye taa,
na Osmund hakulizima.
Alikaa juu yake kimya, injini ikinguruma,
dizeli ikiungua bure, nami nahesabu.

"Oili baridi hutoka peke yake," akasema.
"Ya moto hutoka na takataka zake."

Kisha akazima, akajilaza chini na spana.

Mimi ndiye niliyeshika daftari la fedha.
Nikainama, nikamwambia kwenye miguu,
maana ndiyo iliyoonekana:
Lita saba na nusu, na filta juu yake!
Linakwenda kulala miezi minane.
Nani anamvisha nguo mpya mtu anayekwenda kulala?
Si tungoje Novemba, mvua ikikaribia,
tuweke mpya liingie nayo kazini?

Nati ikalegea. Nikaisikia oili inaangukia karai.
"Anayekwenda kulala huoga," ikajibu miguu.

Usiku, akisugua kucha kwa Omo na mchanga,
ndipo alipomaliza maneno yake:
weusi ule una masizi, una maji,
una ukali wa dizeli iliyoungua.
Kazini joto huyafukuza maji.
Likilala, yanatulia juu ya chuma,
yanatafuna polepole, na chuma hakipigi kelele
mpaka siku unapokiwasha.

Oili mpya aliijaza hadi alama ya juu,
akawasha dakika tano, ipite kila chumba,
akazima. Betri akaitoa, akaiweka juu ya ubao.
Bomba la moshi akalivika kopo la maziwa,
nyigu wasijenge.
Oili chafu akaihifadhi kwenye galoni: ya nguzo, alisema.

Julai, salfa ikiwa bado nyeupe kwenye mikorosho,
kifua kilimbana Jumanne.
Alhamisi tulimzika.
Shemeji Sylvester aliuchovya mguu wa msalaba
kwenye ile galoni, mara mbili,
akauacha unyonye juani kabla ya kuusimika.
Mchwa wa Naipanga hawamstahi mtu.

Novemba akaja Bakiri, fundi wa mjini Nachingwea,
galoni mpya imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira.
"Mama, oili ya miezi minane imeshakufa hiyo.
Tumwage."
Alikuwa ameshapiga goti.

Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa pindo la khanga,
nikakirudisha, nikakichomoa tena,
kwani mara ya kwanza hudanganya.
Rangi ya asali ya nyuki wadogo.
Nikaisugua kati ya vidole:
haina chenga, haina weupe wa maziwa, hainuki kuungua.

"Hebu soma pale," nikamwambia Bakiri,
maana nilikuwa nimeona,
na sikutaka kusoma kwa sauti yangu.

Kwenye bati la banda, nyuma ya jembe la sahani,
chaki, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili:

OILI MPYA 14/3. SAA 4212.
USIMWAGE. PIMA KIJITI TU.
BETRI KWANZA.

Miaka kumi na moja alilitunza trekta hili
hakuwahi kuandika popote.
Tarehe zote zilikaa kichwani,
na saa, na namba za filta, na nani anadaiwa ekari ngapi.
Alikuwa anamwandikia nani?

Bakiri alivua kofia, akairudisha.
Akafunga galoni yake kwenye pikipiki.
"Basi," akasema, "tuchaji betri."

Limewaka mara ya tatu.
Kopo tulilisahau kwenye bomba, likaruka hadi kwa kuku,
tukacheka, mimi kupita kiasi.

Machi nitalala chini mimi, na spana ile ile.
Nitaandika tarehe yangu.
Sijui kama niifute yake.
Bati lina nafasi, lakini chaki yangu ni ya bluu.